Gari linakataa kona, kisha mkia unaponyoka: ni usukani au ni mimi?

“Habari yako, mwalimu. Nina miaka 22, naishi Umoja, Nairobi. Nilinunua usukani wa kuchezea michezo ya magari, Logitech G29 wa mtumba, pamoja na pedali zake, nikaufunga kwenye meza ninayosomea. Nacheza Assetto Corsa, simuleta (mchezo unaoiga gari halisi) ya mbio, kwa gari la mbio la daraja la GT3, kwenye uwanja wa Nürburgring ile ndefu. Misaada yote ya kielektroniki ya dereva nimezima kwa sababu niliambiwa dereva halisi hatumii misaada. Nikiingia kona, mara gari linanyooka tu kama halinisikii, mara mkia unaponyoka nazunguka. Breki naishika dakika ya mwisho kama wale wenye kasi, lakini rafiki yangu ananishinda kwa zaidi ya nusu dakika kila mzunguko. Nimeanza kuweka pesa ninunue pedali za bei. Nikizipata nitatulia? Na haya mazoezi yatanifaa nikienda kusomea leseni? Halafu kidole gumba cha kulia kinakufa ganzi nikicheza sana.”

Pole kwa kidole, mdogo wangu. Nitakirudia mwishoni kwa sababu si jambo la kupuuza. Kuhusu pesa, ziache zilipo kwanza. Umeeleza mambo mawili ambayo kwako ni magonjwa mawili: mara gari linakataa kugeuka, mara linageuka kupita kiasi. Nimekaa kando ya wanafunzi wengi wenye hali kama yako, na karibu kila mara ugonjwa ni mmoja, tena hauko mikononi. Uko kwenye mguu wa breki, na hasa katika namna unavyoiachia. Kila mtu hufundishwa kukanyaga breki. Kuiachia watu huachiwa wajifunze wenyewe, ilhali hapo ndipo gari linapoamua litaingiaje kona.

Nianze na hili la misaada, kwa maana linakutesa bure. Magari ya kweli ya GT3 yana ABS ya mbio, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukishika breki, na mfumo wa kuzuia magurudumu ya nyuma yasizunguke bure, na dereva huvirekebisha vyote viwili mbio zikiendelea. Ukivizima kwenye gari lenye nguvu za farasi 500 hivi, hujaukaribia uhalisia hata kidogo. Umejiundia gari ambalo dereva wa GT3 mwenyewe hapewi. Assetto Corsa inakuruhusu kuchagua misaada ifuate jinsi gari lilivyotoka kiwandani, chagua hivyo. Unaopaswa kubaki umezimwa ni ule msaada wa kulituliza gari, ambao hulidaka kabla hujaona ulichokosea, ukakunyima somo. Mstari wa rangi unaochorwa barabarani utumie siku mbili tatu mpaka uijue njia, kisha uuondoe. Ukiwepo, macho hayabanduki kwake.

Tuje kwenye breki ya dakika ya mwisho. Ni kweli kwamba wenye kasi hushika breki wakiwa wamechelewa kuliko wewe. Lakini hilo ni tunda la ufundi wao. Walianza kwa kujua kona inataka kasi gani, ndipo wakasogeza mahali pa breki kidogo kidogo. Wewe umeanzia mwisho. Tazama hesabu yake. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi: gari linaloweza kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa ndani ya mita 40 hivi litahitaji mita 160 hivi kutoka kilomita 200. Kasi maradufu, umbali mara nne. Na ukichelewesha breki kwa mita 5 ukiwa kwenye kasi hiyo ya 200, faida yote unayopata haifiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukikosea, unaikosa kona, unatoka polepole, na unaubeba upole huo mnyoosho mzima unaofuata. Kwenye Nürburgring unaujua mnyoosho wa Döttinger Höhe, zaidi ya kilomita 2. Aliyetoka kona ya mwisho akiwa nyuma kwa kilomita 10 kwa saa atazilipa karibu njia yote ile. Sehemu kubwa ya nusu dakika yako imelala huko, kwenye kutoka kona.

Sasa nieleze kinachotokea chini ya gari, maana ukikielewa hiki mengine yote yanajieleza.

Panda matatu kutoka Umoja kwenda mjini, keti katikati, utazame abiria. Dereva akishika breki ghafla akiona mtu stejini, mabega yote yanakwenda mbele. Akikanyaga mafuta, vichwa vinarudi nyuma. Akiizunguka raundabauti ya City Stadium kwa haraka, wote mnaegemea kushoto. Gari lenyewe linafanya vivyo hivyo juu ya springi zake, sema wewe uliye ndani huoni. Ukikanyaga breki, uzito unakwenda mbele: tairi za mbele zinabanwa kwenye lami na kupata mshiko zaidi, za nyuma zinabaki nyepesi. Ukikanyaga mafuta inakuwa kinyume. Kwa hiyo miguu yako, kabla ya kuwa ya kuongeza na kupunguza mwendo, ni ya kuamua tairi zipi zitashika barabara. Usukani unaomba tu. Miguu ndiyo inayoamua ombi litasikilizwa au la.

Jambo la pili ni kwamba tairi lina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo huo ndio unaotumika kupunguza mwendo na kugeuka. Uchukulie kama mshahara. Ukiumaliza wote kwenye kodi ya nyumba, ya chakula haipo, hata ukimsihi mwenye duka namna gani. Hesabu halisi ya tairi si ya kujumlisha na kutoa moja kwa moja hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa mguuni: breki ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, tairi za mbele hazina cha kugeukia. Na kwa kuwa ABS umeizima, huenda zilikuwa zimefunga kabisa na kuburuzika, na gurudumu lililofunga haligeuzi gari popote.

Basi tuiangalie kona yako polepole. Umefika umechelewa, breki iko chini yote. Unageuza usukani, gari linanyooka. Unaongeza kugeuza, bado linanyooka, kwa sababu mshahara wote uko kwenye breki. Unashtuka, unaona nyasi zinakuja, unauondoa mguu kwenye breki kwa mara moja. Tazama lililotokea hapo: tairi za mbele, zilizokuwa zimebanwa na kazi ya breki, zimeachiwa ghafla huku usukani ukiwa umegeuzwa kuliko kona inavyotaka. Zinauma lami kwa nguvu, pua inarushwa ndani, na nyuma, ambako uzito haujarudi bado, hakuna kitu cha kuushika mkia. Unazunguka. Kosa lilikuwa lile lile moja. Siku ulizoshikilia breki mpaka mwisho ukaenda moja kwa moja nje, ulidhani ni ugonjwa mwingine.

Dawa yake ni kuiachia breki kama unavyoteremsha mtungi wa maji wa lita 20 kutoka begani: unauteremsha mpaka chini, huudondoshi. Unapofika mahali pa breki, gari likiwa limenyooka, kanyaga kwa nguvu mwanzoni kabisa, wakati kasi ni kubwa. Halafu anza kuachia kidogo kidogo kadiri mwendo unavyopungua. Unapoanza kugeuza usukani, mguu uwe tayari unapanda, na kadiri mikono inavyogeuza zaidi ndivyo mguu unavyozidi kupanda, kana kwamba kuna kamba imefungwa kutoka kwenye usukani hadi kwenye kidole cha mguu. Ukifika pale ndani kabisa ya kona, breki imeisha. Kamba hiyo hiyo inafanya kazi kwenye mafuta wakati wa kutoka: usukani unapokunjuka, mguu wa mafuta unashuka. Hakuna kukanyaga mafuta yote wakati usukani bado umekunjwa, hata kama gari linakuruhusu mara moja moja.

Wiki ya kwanza usiingie na breki ndani ya kona hata kidogo. Imalize yote kwenye mnyoosho, subiri nusu sekunde gari litulie, ndipo ugeuze. Utakwenda polepole kiasi, lakini hutazunguka, na utaanza kusikia gari linavyokaa. Wiki ya pili beba ile asilimia kumi ya mwisho ya breki ndani ya kona, uone pua inavyogeuka kwa urahisi zaidi. Wengi hapa huchangamka na kutaka kubeba asilimia hamsini siku hiyo hiyo. Jizuie.

Na mkia ukianza kuponyoka hata hivyo, macho yaelekeze unakotaka kwenda, legeza mikono uache usukani urudi wenyewe upande ule mkia unakokwenda, na mguu wa mafuta upunguze bila kuuondoa kwa ghafla. Ukiona gari limeshapita kiasi cha kuokolewa, breki na klachi zote chini. Litasimama mahali ambapo wanaokuja nyuma wanaweza kukadiria mapema.

Kuhusu njia ya kupita, utaambiwa kila mahali: anza nje, gusa ndani, tokea nje. Ni sahihi, na sababu yake ni hii. Kwa mshiko ule ule, kasi ya kona inategemea upana wa duara unalolichora. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 50, tairi likishika kwa nguvu sawa na uzito wake, linakuruhusu karibu kilomita 80 kwa saa. Ukitumia upana wote wa barabara ukalifanya la mita 60, unafika 87. Hujaongeza ujasiri wowote. Umetumia lami ambayo ulikuwa unaiacha. Mimi hupendelea mwanafunzi aguse ndani akiwa amechelewa kidogo kuliko anavyodhani, hasa kona inayofuatwa na mnyoosho mrefu, kwa sababu hapo gari linakuwa limeshanyooka mapema na mafuta yanaweza kuingia. Anayegusa ndani mapema huishiwa barabara wakati wa kutoka, akaachia mafuta kwa woga, na hapo tena uzito unakwenda mbele, mkia unakuwa mwepesi. Umeshaona mwisho wake.

Macho nayo. Ukikaribia kona, usiitazame lami iliyo mbele ya boneti. Tafuta kitu cha kuanzia breki, ubao wa mita 100 au mwanzo wa ukingo wenye rangi. Kabla ya kugeuza, macho yawe yameshafika ndani ya kona. Ukifika ndani, yawe yameshafika unakotokea.

Sasa nikuombe jambo ambalo najua litakuuma: iache Nürburgring kwa muda. Ni uwanja mzuri, kilomita 20.8 za milima na msitu, na ndiyo sababu hauwezi kumfundisha anayeanza. Kona moja unaikuta mara moja kila baada ya dakika nane hivi; ukiikosea, mpaka uirudie umeshasahau mguu ulifanya nini. Chukua uwanja mfupi kama Brands Hatch ile ndogo, isiyofika kilomita 2, na gari dogo kama Mazda MX-5. Mzunguko mmoja ni karibu dakika moja. Ndani ya dakika 40 umepita kona ile ile mara 40 badala ya 5. Gari dogo linakosea polepole, kwa hiyo unapata nafasi ya kuona kosa likikua. Kona ya kwanza pale, Paddock Hill Bend, inateremka ghafla mara tu unapogeuza, na itakufundisha mambo ya uzito kuliko maneno yangu yote: ukiachia breki vibaya juu ya kilima, teremko linakutoa nje.

Endesha mizunguko kumi kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza na mtu huku ukiendesha. Andika muda wa kila mmoja kwenye daftari. Usihesabu ule wa kwanza, maana tairi huwa bado baridi. Lengo lako la wiki mbili za mwanzo si muda mzuri kuliko wote. Ni mizunguko yote tisa iliyobaki ipishane kwa chini ya sekunde moja. Ikishapishana kwa nusu sekunde, sogeza breki mbele kwa urefu wa gari moja kwenye kona moja tu, uone kinachotokea. Kona mbili kwa wakati mmoja hutajua ipi ilikupa, ipi ilikunyang'anya.

Kuhusu vifaa, G29 inatosha. Watu huenda mbali sana na usukani kama huo. Kabla ya kununua chochote, rekebisha mambo ambayo hayana gharama. Kiti chako, kama ni kile cha ofisi chenye magurudumu, kinarudi nyuma kila ukikanyaga breki, na hapo hujui umekanyaga kiasi gani. Kifunge kwa kamba kwenye miguu ya meza, au ukae kwenye kiti cha kawaida cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Halafu pembe ya mwono: michezo mingi huja ikionyesha eneo pana mno, kwa hiyo kona zinaonekana mbali kuliko zilivyo na unapotea kwenye kukadiria breki. Kama skrini yako ni ya inchi 24 na macho yako yako sentimita 60 kutoka kwayo, kipimo sahihi ni nyuzi 28 hivi kwa wima, na Assetto Corsa hupima kwa wima. Mwanzoni utahisi unachungulia dirisha dogo. Vumilia siku tatu. Mwisho, punguza nguvu ya usukani. Ikiwekwa juu sana, mota hufika kikomo chake na kila kitu kinakuja mkononi kwa uzito mmoja, huwezi kutofautisha tairi linaloanza kuteleza na lililoteleza kitambo.

Pedali za bei zina ukweli wake, sitakuficha. Breki ya G29 hupima umbali ambao mguu umeshuka. Zile za bei, zenye kihisi cha uzito, hupima nguvu unayokandamiza, na mguu wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali. Breki ya gari la mbio la kweli nayo huamuliwa na nguvu ya mguu. Kwa hiyo siku moja zitakufaa, na kama ni kununua kitu kimoja, anza na hizo kabla ya usukani mwingine. Ila leo zitakupa uwezo wa kurudia kosa lako kwa usahihi zaidi. Subiri mpaka ile mizunguko tisa ipishane kwa nusu sekunde. Utakapoona mguu unajua unachotaka na pedali haikupi, wakati huo pesa itakuwa imepata kazi.

Uliuliza kuhusu leseni. Mazoezi haya yatakusaidia kwenye mambo machache ya maana: kutazama mbali, kuwa mpole kwa breki na usukani, kuelewa kwa nini gari huteleza mvua ikinyesha. Ufundi wa simuleta ni wa kweli. Jann Mardenborough alishinda shindano la wachezaji wa Gran Turismo, mchezo mwingine wa mbio za magari, mwaka 2011, na mwaka 2013 alikuwa anashindana kwa gari halisi kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Lakini alipitia mafunzo mengi ndani ya magari halisi kabla ya kufika pale. Kiti chako cha nyumbani hakikusukumi mgongo, hakikuonyeshi mtoto anayekatiza Outer Ring Road, wala hakikufundishi vioo, klachi ya kupandia kilima kwenye foleni, na kumpisha mwendesha boda anayetokea kushoto. Na kuna tabia mbili ambazo lazima uziache chumbani. Ya kwanza ni kutumia upana wote wa barabara. Ya pili ni kuzoea kasi: baada ya saa moja ya kilomita 200 kwenye skrini, kilomita 50 za mjini zinaonekana kama umesimama. Nenda shule ya udereva yenye mwalimu anayekaa na wewe ndani ya gari, ukae naye hata kwenye ule ubao wa mji wa mfano wa kujifunzia sheria za barabara bila kuudharau. Huko utafundishwa kuishi na watu wengine barabarani, jambo ambalo sisi wa mbio hatulifundishi. Breki ya gari la barabarani tumia mguu wa kulia, hata kama kwenye simuleta umezoea wa kushoto.

Ukiona wiki sita zimepita, umefanya haya, na bado unazunguka kona zile zile, tafuta mtu anayejua akae kando yako kwa saa moja. Si lazima awe bingwa. Rafiki yako huyo anayekushinda anatosha, ilimradi aangalie miguu yako, asiangalie skrini. Mambo mengi ambayo ningeandika kurasa kumi kuyaeleza, mtu aliye chumbani huyaona kwa kona tatu.

Na kidole. Dalili hiyo mara nyingi huja kwa kuushika usukani kama unayening'inia, kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa, mpaka mshipa wa fahamu unaopita hapo unabanwa. Shusha usukani au inua kiti ili viwiko vikunjike kidogo na vifundo vinyooke. Kidole gumba kiegemee juu ya ukingo, kisijichomeke ndani ya nguzo za usukani, kwa sababu ukigonga ukuta usukani unaruka na unaweza kukiumiza. Kila dakika 30 simama, nyoosha mikono, kunywa maji. Pumzika siku nne kabisa bila kucheza, kisha urudi na mpangilio mpya. Ganzi ikirudi, au ukiamka nayo asubuhi, au ikienea kwenye kidole cha shahada na cha kati, au ukianza kudondosha vitu, usingoje. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, uonane na daktari na uulize kuhusu fiziotherapia. Usione haya kumwambia kwamba ni mchezo wa magari uliokufikisha pale. Mwonyeshe jinsi unavyoushika usukani, na umwambie ni saa ngapi kwa siku.